Hitima ya Kila Ijumaa

Mimi nikikasirika napika vibaya, na msimu ule wote nilipika vibaya. Chumvi ilizidi, wali ulishika chini, maharage yaliingia sufuriani na mawe yake. Hakuna aliyelalamika. Hapo ndipo nilipojua kwamba kijiji chetu, Mbekenyera, kina njaa kweli, maana watu wa kwetu nawajua, hata pilau ya harusi ya bure lazima waitoe kasoro.

Mikorosho ilikuwa imepigwa na ugonjwa wa ubwiriunga, na hela kidogo iliyopatikana iliishia kwenye madaftari ya shule na mabati. Ufuta ulishauzwa na kusahaulika. Mvua ilianza vizuri, watu wakapanda, halafu ikakata, na iliporudi ikarudi kwa fujo ikasomba mbegu. Ilipofika Februari mahindi yalikuwa bado ya magotini na vihenge vilikuwa vitupu. Ndipo Harithi, mtoto wa hapa hapa aliyefungua duka la jumla Nachingwea mjini, akatuma magunia ya mchele na maharage msikitini kwetu. Alimpigia simu Mwalimu Jamali, anayetuswalisha na kufundisha madrasa, akamwambia tupike kila Ijumaa baada ya swala, wapate kula wote wenye shida, Mwislamu na asiye Mwislamu, ni sadaka yake kwa ajili ya Mungu.

Mwalimu akanikabidhi jiko mimi, Mwamini, kwa sababu wengine wote walikuwa na udhuru. Akanipa na cheo, mwenyekiti wa jiko. Msaidizi wangu akawa Hadija, shoga yangu tangu usichana. Yeye ni mpole mpaka anakera.

Ijumaa ya kwanza tulipika lile sufuria la shughuli, lile la kubebwa na watu wanne. Tukatandika majamvi uani kwa msikiti, tukapanga masinia. Swala ikaisha. Wanaume wakatoka, wakavaa kandambili zao, wakatusalimu vizuri, wakaenda zao. Wakaja watoto tu, na kuku.

Nikamfuata mzee Mikidadi hadi barabarani. Huyu ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Siku mbili zile mkewe alikuwa porini anachimba ming'oko, vile viazi vya mwituni, na moshi jikoni kwao sikuuona.

"Mzee, mbona unapita? Chakula tayari."

"Ahsante, Mwamini. Mimi nimeshakula," akasema, huku anatazama mbele. "Wape wenye shida."

Kila niliyemgusa aliniambia hivyo hivyo: wape wenye shida. Ukiwasikiliza ungedhani wenye shida ni kabila fulani linaloishi mbali, huko ng'ambo ya mto, nasi tunawasubiri wateremke kwenye basi. Wali ule tuliwalisha watoto mpaka wakashindwa, uliobaki ukachacha. Nililia jikoni kwa hasira. Kwangu pia unga ulikuwa umekata na wajukuu wananiangalia, lakini mimi nilikuwa mwenyekiti, na mwenyekiti hali na watu. Nilibeba ukoko chini ya kanga nikaenda nao nyumbani.

Hadija ndiye aliyepata dawa. Tulikuwa tunasugua sufuria, akasema taratibu, kana kwamba anaomba majivu:

"Tuwaambie ni hitima."

"Hitima ya nani?"

"Ya mama yake Harithi. Si alikufa?"

"Alikufa mwaka juzi, Hadija!"

"Haka! Kwani kuombewa kuna mwisho?"

Tukampelekea Mwalimu Jamali. Nilitegemea atafoka. Akakuna ndevu, akasema dua kwa maiti haina hasara, na mwenye kula hitimani anapata thawabu badala ya aibu. Alikubali upesi mno. Nadhani naye kwake hali haikuwa nzuri.

Ijumaa iliyofuata walikuja wote. Walikuja na kanzu zilizopigwa pasi, na mitandio, na nyuso za msiba. Mwalimu akasoma, wakaitikia amina, wakala. Wali ulikuwa umeungua na wakala. Walisafisha masinia mpaka Hadija akasema hana haja ya kuyaosha. Wengine wakaomba ya kubeba, kwa sababu chakula cha hitima kukibeba si aibu, ni baraka. Mikidadi alikaa sinia la mbele na kumsifu marehemu, mama mkarimu, mama wa watu, wakati nakumbuka vizuri walivyokuwa hawasalimiani kwa sababu ya mpaka wa shamba.

Basi ikawa hivyo. Kila Ijumaa na maiti wake. Ijumaa hii mama yake Harithi, ijayo babu yake jirani yetu Hasani, inayofuata shangazi wa Hadija ambaye mimi nilikuwa simkumbuki hata sura. Ungedhani kero zangu zimekwisha. Ndiyo kwanza zilianza! Watu wakaanza kugombea zamu. Huyu anasema marehemu wake amerukwa, yule anasema marehemu wa fulani alisomewa siku ya maharage na wa kwake akapewa wali mtupu. Wakanijia mpaka mlangoni asubuhi, kabla sijanawa uso, kuniletea maiti wao. Mzee mmoja alitaka asomewe yeye mwenyewe akiwa hai, maana hana ndugu wa kumleta akifa. Nikamwambia asubiri kidogo.

Nilikuwa namwambia Hadija kila siku: hawa watu wako tayari kufufua ukoo mzima kuliko kusema neno moja, njaa.

Halafu kulikuwa na Suzana.

Suzana ni Msukuma. Yeye na mumewe Bundala walikuja na ng'ombe kutoka huko kwao Ziwa Victoria, wakajenga pembeni kabisa ya kijiji, upande wa bondeni. Januari ng'ombe wa Bundala waliingia kwenye mahindi ya Mikidadi, yale machanga, yakaliwa mistari mizima. Pakawa na ugomvi mkubwa, wazee wa kijiji wakaitwa, Bundala akaambiwa ahamishe mifugo. Akaiswaga kuelekea Marambo kutafuta malisho, akamwacha mkewe na watoto walinde kibanda na kashamba kao. Tangu hapo hajaonekana, na simu yake haipatikani. Mikidadi akaapa mbele ya watu kwamba hatakula sinia moja na Msukuma.

Mimi nilikuwa nikimwona Suzana kila Ijumaa getini kwa msikiti. Anakuja na watoto wake wawili, Ngolo na Masanja, anawaacha barabarani, anasogea mpaka kwa Hadija, anapiga goti kidogo, wanaongea, anaondoka. Nikadhani anapewa chake anakwenda kula faraghani. Nikasema heri, angalau mmoja anachukua bila maneno.

Ijumaa moja niliona Hadija anamimina unga wa mtama kwenye ndoo ya uji tuliowapikia wazee wasio na meno. Sisi hatukuwa na mtama. Harithi hakuleta mtama.

"Huu umetoka wapi?"

"Kwa yule Msukuma," akasema Hadija. "Huwa analeta."

"Analeta nini?"

"Rambirambi. Kila Ijumaa anakuja kutoa pole, na kibakuli cha unga. Siku nyingine kuni."

Nilihisi damu inapanda kichwani. "Na wewe unapokea?"

"Haka, Mwamini! Nitamkatalia mtu rambirambi?"

Nilichukua bakuli, nikajaza wali na maharage, nikafunika, nikaondoka na aproni yangu vile vile. Njia nzima nilikuwa nasema peke yangu. Jiko la wenye njaa linalishwa na mwenye njaa kuliko wote, na mwenyekiti wa jiko, mimi na akili zangu, nimesimama na mwiko siku zote hizo sijui.

Nilimkuta Suzana nje ya kibanda anamenya papai bichi la kuchemsha. Watoto walikuwa wamelala kivulini mchana ule, na mtoto mzima halali mchana. Debe la unga lilikuwa mlangoni, wazi, na nililiona ndani. Ulibaki unga wa kufunika chini tu.

"Karibu, mama," akasema, akanipa kigoda. "Poleni na msiba."

"Hakuna msiba, Suzana. Nimekuletea chakula. Amsha watoto wale."

Akalitazama bakuli, akameza mate, nikamwona kabisa anameza. Halafu akalisogeza kwangu kwa mikono miwili, kwa heshima.

"Mnisamehe, mama. Chakula cha msibani siwezi kuwalisha watoto nyumbani kwangu. Mama yangu alinikataza. Kinaleta msiba ndani."

"Nakwambia hakuna msiba!"

"Nimemwona mwalimu anasoma," akasema polepole, anavyosema Kiswahili chake cha kupima. "Nimewaona watu wamevaa. Wanaitikia. Kila wiki mnazika. Usinifiche, mama, naona mnavyojikaza." Akanishika mkono. "Kijiji hiki mmefiwa mno. Mimi nawaombea."

Mtu ana njaa, ananishika mkono mimi, ananifariji mimi! Nilitaka kucheka, nikashindwa.

"Na huo unga? Watoto wako watakula nini?"

Hapo ndipo akaniambia, bila kulalamika, kama mtu anayekueleza njia ya kisimani. Kwao mtu akifiwa, jirani anapeleka unga, kuni, na maji, kabla ya kufikiria chungu chake. Usipoonekana kwenye misiba ya wenzako, siku ya kwako utazika peke yako. "Sisi hapa wageni, mama. Mume wangu ana ugomvi na watu, na hayupo. Huyu Masanja alikuwa na homa wiki yote. Akifa, nani atanichimbia kaburi?"

Nilitoka na bakuli langu. Nilipofika nusu ya njia nilikula ule wali wote, nimesimama, bila kunawa mikono, huku machozi yananitoka kwa hasira, na sijui nilikuwa namkasirikia nani.

Nilimwendea Mwalimu Jamali siku hiyo hiyo, Hadija yupo. Nikasema Ijumaa ijayo natangaza. Hakuna marehemu, hakuna hitima, hiki ni chakula cha wenye njaa, basi.

"Ukitangaza hivyo," akasema Mwalimu, "utapika ule na kuku."

"Na tukiendelea hivi, yule mama atatuletea unga wa mwisho alionao."

"Mwambie yeye peke yake."

"Nimemwambia! Haamini. Anaona mimi ndiye ninayejikaza."

Mwalimu akatazama chini. "Mwamini, kuna wazee hapa ambao Ijumaa ndiyo siku yao ya pekee ya kushiba. Ukiwavua nguo mbele za watu, hawatarudi. Nawajua. Watakufa ndani na milango imefungwa."

Na alisema kweli, na hilo ndilo lililonikera zaidi. Hadija akashauri tumwombe Suzana akija akae ale. Tukakubaliana hivyo kwa kukosa kingine.

Ijumaa ikafika, na zamu ilikuwa ya marehemu baba yake Mikidadi. Mikidadi alivaa kanzu mpya na kofia ya kudarizi, na tangu asubuhi alikuwa ananisumbua kuhusu nyama. Baba yake alikuwa mtu mkubwa, haiwezekani asomewe na maharage. Nikamwambia baba yake hajanituma nyama. Watu walikuwa wengi kuliko siku zote. Swala ikaisha, majamvi yakajaa hadi ukutani, Mwalimu akasoma, tukagawa masinia, vichwa vikainama, ikabaki sauti ya vidole na wali.

Suzana akatokea getini. Safari hii hakwenda kwa Hadija. Watoto aliwaacha barabarani kama kawaida, yeye akapita pembeni ya majamvi ya wanaume, ameinamisha kichwa, akaenda moja kwa moja hadi sinia la mbele. Watu waliacha kutafuna. Wengi walidhani amekuja kwa ugomvi wa mahindi. Akapiga goti mbele ya Mikidadi, chini kabisa, goti likagusa mchanga.

"Baba," akasema, "pole na msiba wa mzee. Nisamehe. Kila wiki nilikuwa naleta unga, leo umekwisha. Sina kitu. Nimeona nisikae nyumbani mkasema nimewatupa. Nimeleta mdomo tu."

Mikidadi alikuwa na tonge mkononi. Nilimwona analitazama tonge lile. Nikasema moyoni, sema, mzee, sema neno moja tu, baba yako amekufa tangu sisi tukiwa wasichana, huyu mwanamke anakupigia goti kwa ajili ya mtu ambaye kaburi lake limeshasahaulika.

"Ahsante, mama," akasema Mikidadi. "Tumeshapoa."

Suzana akainuka, akapangusa goti, akageuka aondoke.

Mwiko ulinitoka mkononi. Nilipita katikati ya wanaume, nikakanyaga jamvi kwa viatu, mtu mmoja akasema "Astaghfirullah" na sikumtazama.

"Mikidadi! Baba yako kafa lini?"

Akaendelea kulikanda tonge lake.

"Nakuuliza mbele za watu, kafa lini?"

"Mwamini," akasema Mwalimu Jamali kwa sauti ya chini.

"Hapana, Mwalimu, leo niache. Suzana, simama hapo hapo. Hakuna msiba hapa. Hakujawahi kuwa na msiba. Hakuna aliyezikwa kijiji hiki mwaka huu. Unga wako tumekula bure. Hapa watu wamekuja kwa sababu ya njaa."

Suzana akasimama. Akawatazama watu wote wale, kanzu safi, kofia za kudarizi, mitandio, masinia. Kwa mara ya kwanza nikaona anataka kuamini, ila hajui aanzie wapi. Akauliza kwa adabu, kama mtu anayetaka kujua ampe nani pole:

"Njaa ya nani?"

Nikageuka niwaonyeshe. Nikamtazama Mikidadi, akainamia sinia. Nikamtazama Hasani, akaanza kutafuta kitu mfukoni. Wazee wa ukutani walikuwa wamefumba macho kana kwamba bado dua inaendelea. Nikamtafuta Hadija, shoga yangu, mwenye wazo la hitima, naye akavuta mtandio usoni. Watu wote wale na matumbo yao, hakuna aliyekuwa na njaa. Nilikuwa na maneno tayari, yaliyojaa mdomoni, ya kumtaja kila mmoja kwa jina na siku ambazo jikoni kwake hapakutoka moshi, na nilikuwa nimefungua mdomo kuanza.

Halafu nikaona Suzana ananitazama mimi. Hakuwa anawatazama wao hata kidogo. Alikuwa anangoja jibu la mtu aliyeulizwa.

Msimu mzima nimewatukana watu kwa neno moja wasiloweza kulisema, na nilipotaka kulisema mimi likakataa kutoka. Nilisikia masikio yanawaka. Nilifikiria uenyekiti wangu, na wakwe zangu wa Naipingo watakavyosikia, na jinsi nitakavyopita dukani kesho.

"Yangu," nikasema.

Sauti ilitoka ndogo, nikairudia.

"Yangu. Kwangu hakuna kitu tangu jiko hili lianze. Nina wajukuu watatu. Kila Ijumaa nabeba ukoko chini ya kanga."

Hakuna aliyeinua kichwa. Nilingoja, Mungu ananiona, nilingoja mtu mmoja tu aseme, na yangu pia. Hata mmoja. Mikidadi akapeleka lile tonge mdomoni, akatafuna polepole, akameza.

Suzana akarudi. Hakwenda jamvini. Alikwenda kukaa mchangani kando ya sufuria, akanyoosha miguu kama mtu aliyetembea safari ndefu.

"Hata mimi, mama," akasema. "Hata mimi ninayo."

Nikapakua sinia moja, nikalijaza, nikakaa chini naye. Sikuwahi kula uani pale hata siku moja. Mwalimu Jamali akakohoa, akainua mikono, akaanza tena kumwombea baba yake Mikidadi, alazwe mahali pema, apanuliwe kaburi, na wote wale wakaitikia amina kwa sauti kubwa kuliko Ijumaa zote, ili wasitusikie tunavyotafuna. Nami nikapaza yangu kuwashinda, nikawaita Ngolo na Masanja waje kula, wali unapoa.